Kwa nini tableti zinaishia kabatini? Utamaduni wa kazi na teknolojia saiti

Timazi_Dom

Wakuu, habari za kazi. Naomba tulijadili hili kwa kina, maana kila likianzishwa mtu anasema "mafundi wetu hawapendi mabadiliko" na mada inafia hapo.

Tuchukue saiti ya mfano. Jengo la ghorofa 8 Dodoma, watu 140 kwa siku, magenge 9, mhandisi mshauri ana mwakilishi wake wa kudumu saiti. Mkandarasi ananunua tableti 12 na leseni za programu ya taarifa za kila siku, maombi ya ukaguzi na michoro. Siku ya kwanza kuna semina ya saa 2, soda na picha ya pamoja. Wiki ya 6 zinazofanya kazi ni 3, na hata hizo anazijaza mtu mmoja jioni ofisini kwa niaba ya magenge yote. Wiki ya 12 zote ziko kabatini kwa injinia wa saiti, zimezimika.

Lakini mafundi haohao wana simu janja. Wanatuma pesa kwa simu, wanapiga picha za kazi zao na kuziweka WhatsApp kutafuta wateja. Kwa hiyo wasiambiwe hawajui kugusa kioo.

Mtazamo wangu ni huu: programu ya saiti kazi yake kubwa ni kufanya kosa lionekane mapema. Ukiipeleka mahali ambapo kosa likionekana mtu anakatwa posho, watu watalificha, na wana sababu nzuri ya kulificha. Kinachotakiwa kubadilika kwanza ni kile kinachotokea baada ya kosa kuonekana. Wenye ujuzi wa nondo, zege, upimaji, makadirio na mikataba, karibuni. Leteni hatua na vipimo.

NondoY16

Mkuu Timazi, nianze na michoro, maana huko ndiko hasara inaanzia.

Genge la nondo halifanyi kazi na mfano wa 3D wala na karatasi ya A1 yenye nguzo 42. Linafanya kazi na shedyuli ya nondo: alama, kipenyo, idadi, umbo, urefu wa kukata. Ukimpa kiongozi wa genge tableti yenye mchoro mzima wa ghorofa, ataukuza kwa vidole viwili vyenye vumbi la saruji, ataona nguzo na kupoteza mstari wa gridi. Baada ya dakika mbili anarudi kwenye picha aliyotumiwa WhatsApp wiki iliyopita. Hapo ndipo kosa linapoingia. Ile picha ni ya toleo C, saiti iko toleo D, na ikishasambaa kwenye simu 20 huwezi kuirudisha.

Kinachofanya kazi:

Toa ukurasa mmoja wa A4 kwa kila aina ya kiungo. Mfano: nguzo N4, nondo 8 za Y16 (yaani kipenyo mm 16), ringi za Y8 kila mm 200, kava (zege linalofunika nondo) mm 40, na mchoro wa umbo la ringi wenye vipimo vyake. Mfano wa 3D ubaki ofisini, huko ndiko unakotolewa huo ukurasa.

Weka msimbo wa QR kwenye kona ya kila karatasi. Ukiskani unaona rangi moja tu: kijani maana yake toleo ni hai, nyekundu maana yake limefutwa. Usimlazimishe fundi kufungua akaunti wala kukumbuka nywila kwa ajili ya hilo.

Karatasi ya zamani irudishwe kwa mkono. Mtunza stoo asitoe nondo za kiungo ambacho karatasi yake ya zamani haijarudi. Hii ndiyo nguvu ya utaratibu wote, kwa sababu fundi anaweza kuipuuza programu lakini nondo lazima azifuate stoo.

Halafu kuna jambo la heshima. Saiti nyingi mchoro ni mali ya injinia, fundi anaambiwa tu "suka hivi". Fundi anayeuliza mara mbili anaonekana hajui kazi. Kwa hiyo akikuta ringi haikai, kwa mfano nguzo nyembamba na mchoro unataka kava mm 40 pande zote pamoja na nondo nyingi nene, hatauliza. Atapunguza kava kimyakimya mpaka ringi ikae, na biskuti (vipande vya kushikilia kava) za mm 40 zitabaki kwenye ndoo. Tableti haitakuonyesha hilo. Litaonekana siku atakapoweza kusema "injinia, hapa hapakai" bila kuchekwa.

QS_Pwani

Mimi niseme kwa upande wa pesa na mkataba. Dada yenu ni mkadiriaji majenzi, mnivumilie nikienda kwa namba.

La kwanza. Magenge mengi yanalipwa kwa kipande: mita ya mraba ya lipu, tani ya nondo, mita ya ujazo ya zege. Kujaza fomu hakumo kwenye bei hiyo. Ukimtaka kiongozi wa genge atumie dakika 20 kila siku kwa siku 26, umechukua dakika 520, yaani saa 8 na dakika 40. Hiyo ni siku nzima ya kazi kila mwezi, bure. Akiacha kujaza usiseme ni mkaidi. Weka mstari kwenye mkataba wa genge: siku 1 ya malipo kila mwezi kwa ajili ya kumbukumbu, inalipwa zikifika fomu 22 kati ya 26 zilizojazwa siku hiyohiyo. Ni pesa ndogo sana ukilinganisha na leseni.

La pili ni bando. Picha 20 kwa siku zenye MB 3 kila moja ni MB 60, kwa siku 26 ni GB 1.56 kwa mtu mmoja. Akitumia simu yake na bando lake, ikifika tarehe 15 ameacha. Punguza picha hadi KB 300 na unashuka mpaka MB 156 kwa mwezi. Pia programu ihifadhi bila mtandao, ipakie mtu akipita karibu na ofisi. Jambo hili likikosewa, mengine yote hayana maana.

La tatu, na hili ndilo linaloua taratibu za kidijitali kimyakimya: daftari mbili. Mkandarasi anaambiwa ajaze programu, lakini mwakilishi wa mshauri anataka nakala ya karatasi yenye sahihi na muhuri. Kazi imekuwa mara mbili. Watu wakizidiwa wanaacha moja, na wataacha ile isiyolipa. Malipo yanafuata karatasi, basi programu ndiyo inayokufa.

Kwa miradi inayotumia Kitabu Chekundu cha 1999, yaani mkataba wa mfano wa ujenzi wa FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri), someni kifungu 1.3. Mawasiliano yawe ya maandishi, na mfumo wa kielektroniki unakubalika ule uliotajwa kwenye kiambatisho cha zabuni. Kama hapo pameachwa wazi, notisi uliyotuma kwenye programu inaweza kukataliwa. Na notisi ya madai ya kifungu 20.1 ina siku 28 tu tangu mkandarasi alipofahamu au alipopaswa kufahamu tukio, ukichelewa haki imepotea. Ndiyo maana meneja wa mikataba mwenye akili atang'ang'ania karatasi mpaka kesho. Kwa hiyo kabla ya kusaini, jazeni jina la mfumo pale, semeni ujumbe unahesabika umefika lini, na nani ana akaunti ya kusaini. Kisheria Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inayotambua sahihi na kumbukumbu za kielektroniki, kwa hiyo kikwazo mara nyingi kimo kwenye mkataba wenu wenyewe.

Mjengo254

Nasoma kutoka Nairobi. Ndugu zangu, mmegusa malipo lakini hamjagusa rejista ya vibarua, na huko ndiko mashine hufa mapema kuliko kote.

Tuseme rejista ya karatasi ina watu 140 lakini langoni wameingia 131. Majina 9 hewa kwa shilingi 700 za Kenya ni 6,300 kwa siku, na kwa siku 26 ni 163,800. Ukileta mashine ya alama za vidole, pesa hiyo inakatika siku ya kwanza. Usishangae waya wa umeme ukikatwa na toroli wiki ya pili.

Lakini tusikimbilie kumwita nyapara mwizi tukaishia hapo. Yeye ndiye anayeleta watu alfajiri, ndiye anayewakopesha nauli, ndiye anayejua nani anaweza kupanda jukwaa na nani ana kizunguzungu. Kazi hiyo ni ya kweli na haina mstari kwenye mkataba, kwa hiyo anajilipa kupitia majina hewa. Mlipe waziwazi: kiasi kinachojulikana kwa kila mtu aliyemleta na akamaliza siku 6. Ukiondoa majina hewa bila kuweka malipo haya, umemkata mshahara, naye ana njia nyingi za kukurudishia.

Kuhusu kifaa chenyewe: alama za vidole hazifai kwa mafundi wa zege na lipu. Saruji ina alkali na inakwangua, mistari ya kidole inafutika, mashine inakataa watu na foleni inajaa saa 1 asubuhi. Kwa watu 140 wenye lango moja, kila mtu akichukua sekunde 15 ni dakika 35. Fungua milango miwili, au tumia kadi na picha ya uso. Na kumbukeni hizo ni taarifa binafsi. Kenya kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mwelezeni mtu kwa Kiswahili picha yake inatunzwa wapi na itafutwa lini. Mtu aliyeelezwa hagombani na mashine.

Mwisho, unganisha kadi na malipo ya simu. Kibarua akipata pesa yake Jumamosi saa 7 mchana bila kupanga foleni dirishani, ataipigania kadi yenyewe. Hapo teknolojia imepata mtetezi ambaye hukumlipa.

ZegeMaabara

Nitaleta mfano mmoja ambapo tabia ya saiti inavunja hesabu za kifaa moja kwa moja: vihisi vya ukomavu wa zege.

Kihisi kinafungwa kwenye nondo kabla ya kumwaga, kinarekodi joto la zege. Unazidisha joto kwa muda. Ukichukua joto la msingi kuwa nyuzi 0, zege lililokaa wastani wa nyuzi 30 kwa saa 72 lina digrii-saa 2,160. Unakwenda kwenye mkunjo (grafu ya digrii-saa na nguvu ya zege) uliotengeneza maabara, unasoma nguvu inayokadiriwa, unaamua kama mirunda (nguzo za muda zinazoshikilia slabu) inaweza kutolewa badala ya kusubiri siku zilizozoeleka. Kwa jengo la ghorofa 8, siku chache kila ghorofa ni pesa nyingi.

Sasa angalieni. Ule mkunjo ni wa mchanganyiko mmoja tu. Unatengenezwa kwa sampuli 15, zinazovunjwa 3 kila umri wa siku 1, 3, 7, 14 na 28, pamoja na 2 zenye vihisi ndani. Ukibadilisha saruji, kokoto au maji, mkunjo hauna thamani tena.

Na saiti zetu zina tabia gani? Kuongeza maji. Pampu inasukuma kwa shida, genge linalipwa kwa mita ya ujazo, jua ni kali, mtu anamimina ndoo. Hesabu ni rahisi: mchanganyiko wenye kilo 350 za saruji na lita 175 za maji kwa mita ya ujazo una uwiano wa maji kwa saruji wa 0.50. Ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita ya ujazo inaupeleka 0.56. Nguvu imeshuka, lakini kihisi hakijui. Chenyewe kinaona joto tu, na kitakuambia kwa utulivu kabisa kwamba slabu iko tayari. Hapo kifaa kimekuwa hatari kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu kimempa injinia ujasiri wa kutoa mirunda mapema.

Kwa hiyo kabla ya kununua kihisi, dhibiti ndoo:

Slampu (kipimo cha ulaini wa zege) ipimwe kila gari linapofika. Koni ya mm 300, tabaka 3, mipigo 25 ya fimbo kila tabaka. Matokeo yaandikwe kwenye ubao mkubwa pale pale, kila mtu ayaone.

Kama zege ni zito, iwepo njia halali ya kulainisha: plastisaiza iliyopimwa kwa mililita, imwagwe na mtu mmoja mwenye jina, gari lizungushwe kwa muda alioandika mtengenezaji, slampu ipimwe upya. Mkiwakataza maji bila kuwapa njia nyingine, ndoo itarudi mkigeuza mgongo.

Saidia fundi yeyote awe na haki ya kusema "gari hili limeongezwa maji", na akisema kweli, gharama ya gari isiangukie genge lake. Mkiwakata wao, hamtasikia tena.

Na kihisi kimoja kiwe sehemu iliyomwagwa mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo changa kuliko zote. Wengi hukifunga karibu na ngazi kwa sababu panafikika kirahisi. Kyubu za zege za mm 150 zinazovunjwa siku ya 7 na 28 ziendelee kama kawaida, kihisi hakiziondoi.

Timazi_Dom

Mkuu ZegeMaabara, hapo kwenye njia halali umenifungua macho. Mpimaji wetu Theodolaiti upo? Mafundi kukagua kazi ya mpimaji kwa mpira wa maji (mpira uliojaa maji wa kusawazisha viwango) unalionaje? Wapimaji wengi wanakasirika.

Theodolaiti

Nipo. Mpimaji anayekasirika anakosea.

Totali stesheni (mashine ya mpimaji ya pembe na umbali) inakosea kwa namna ambayo skrini haikuonyeshi. Ukibadilisha prizma (kioo kinachorudisha mwali wa mashine) na kusahau konstanti yake, yaani sahihisho lake la umbali, kila umbali unakosewa kwa kiasi kilekile, mara nyingi mm 30. Namba zinaonekana safi, hata desimali zipo. Fundi mwenye futi ya chuma ataligundua kwa dakika moja: msingi wa m 9 kwa m 12 lazima mshazari wake uwe m 15. Kwa hiyo mimi naona hivi: kipimo cha fundi kiandikwe kwenye fomu ileile ya mpimaji, na sahihi yake iwepo. Tofauti ikizidi mm 5 kwenye mshazari, kazi isimame mpaka ijulikane nani kakosea.

Na fundi naye apimwe. Mpira wa maji wenye kiputo cha hewa unadanganya. Uanze kwa kukutanisha ncha zote mbili, maji yalingane, ndipo uende nao.

Fundi akishiriki kukagua, atalinda na alama zako. Mpimaji akija, akapiga rangi chini na kuondoka bila kuongea na mtu, mchana toroli zimeshaifuta. Kisha anaitwa tena, na watu wanasema mashine haina faida. Wekeni alama kwenye mbao za profaili (mbao za mipaka zinazozunguka msingi), nje ya njia ya toroli, na mkabidhiane kwa mdomo na kwa maandishi.

MratibuModeli

Wakuu, niingie kwenye upangaji wa kazi, maana huko utamaduni unaonekana waziwazi kuliko kokote.

Uingereza ilitangaza mwaka 2011 kwamba miradi ya serikali kuu itatumia BIM (modeli ya kidijitali ya jengo pamoja na taarifa zake), na sharti likaanza Aprili 2016. Viwango vya ISO 19650 vilifuata. Ukivisoma, sehemu kubwa inahusu nani anatoa taarifa gani, lini, kwa nani, na nani anaidhinisha. Programu ya kuchorea ni sehemu ndogo. Ofisi nyingi zinanunua programu na kuruka hizo kurasa za majukumu, halafu mwaka mzima kila mtu anatumiana mafaili kwa barua pepe yenye majina kama "final_final2".

Saiti, kitu cha karibu zaidi ni mfumo wa Last Planner ulioendelezwa na Glenn Ballard na Greg Howell miaka ya 1990. Kila wiki, kiongozi wa genge mwenyewe anaahidi atamaliza nini. Kazi inakubaliwa ikiwa imeelezwa wazi, vitu vyake vyote vipo, iko kwenye mpangilio sahihi, na ukubwa wake unalingana na genge. Mwisho wa wiki mnahesabu ahadi zilizotimia: 31 kati ya 50 ni asilimia 62. Kila isiyotimia inaandikiwa sababu.

Sasa kwetu kuna neno linalovuruga hesabu hii: "sawa, mkuu". Kwenye kikao, injinia anauliza, "Ghorofa ya 3 mtamaliza kufunga fomu (kalibu za mbao za kumwagia zege) Alhamisi?" Nyapara anajibu "sawa, mkuu". Injinia anasikia ahadi. Nyapara amemaanisha "nimekusikia na ninakuheshimu". Anajua marini bodi (mbao za plaiwudi za fomu) hazitoshi, lakini kumkatalia mkubwa mbele za watu ni utovu wa adabu. Ukiingiza "sawa" hiyo kwenye programu, unapata ratiba nzuri isiyo na uhusiano na saiti.

Usipambane na adabu, zungushia njia. Usiulize "mtamaliza?" Uliza "mnahitaji nini mpaka Alhamisi?" Kutaja mahitaji si kumkatalia mtu. Atasema: marini bodi 60, propu 110, mafundi seremala 2. Hayo ndiyo unayoingiza, na kazi isiyopata mahitaji yake inajiondoa yenyewe kwenye ratiba. Pili, injinia mkubwa aongee wa mwisho, maana akianza yeye kikao kimekwisha. Tatu, anzeni na karatasi za rangi ukutani kwa wiki 6 hadi 8. Ahadi zikianza kutimia kwa kiwango kinachotabirika, ndipo muingize kwenye programu. Na asilimia ile isitumike kugawa bonasi wala adhabu. Ikitumika hivyo, watu wataahidi kidogo ili wafikishe 100, na namba haitakuambia kitu.

Foromani_Mkongwe

Nimewasoma wote kwa heshima. Ila vijana, saiti si bunge. Kuna mambo hayajadiliwi. Mtu akisema "shuka kwenye jukwaa" unashuka, maswali baadaye. Mkiwafundisha watu kwamba kila amri ina mjadala, siku ya korongo (kreni) kunyanyua tani 2 mtazika mtu. Halafu hizi tableti zinamgeuza injinia kuwa karani. Anaangalia kioo wakati fomu inapinda mbele yake.

MratibuModeli

Mzee wangu, hoja yako ni ya msingi na ninaikubali nusu. Amri ya usalama haina kura. Tofautisheni mambo mawili: wakati wa kupanga, kila mtu aseme, wakati wa kutekeleza jambo la hatari, anayeongoza ni mmoja na ajulikane. Kosa ni kutumia sauti ya korongo kwenye kikao cha Jumatatu.

Lakini hata kwenye korongo, amri ya kusimama lazima iweze kutoka kwa yeyote, hata saidia fundi wa siku ya kwanza. Kuanza kunyanyua ni amri ya mtu mmoja. Kusimamisha ni ya wote.

Kuhusu kioo, uko sahihi kabisa. Fomu ya kujaza yenye vipengele 34 inamtoa injinia kazini. Kata mpaka 7: tarehe, gridi, kazi, genge, kilichokamilika, kilichokwama, picha. Vingine programu ivijaze yenyewe. Vipengele viwe kwa Kiswahili cha saiti: "kufunga fomu", "kusuka nondo", "kumwaga zege", "kupiga lipu". Na ruhusu sauti ya sekunde 30 badala ya kuandika. Foromani wengi wanaeleza tatizo kwa mdomo vizuri kuliko injinia yeyote anavyoliandika.

QS_Pwani

Mzee Foromani, shikamoo. Na mimi niongeze kwenye hoja yako: tableti nyingi za kawaida zimeandikwa ukomo wa matumizi ni nyuzi 35 za hewa. Ukiiacha juani juu ya slabu saa 8 mchana, inazima yenyewe. Wekeni sanduku lenye kivuli kila ghorofa, pamoja na pawabenki.

Narudi kwenye adhabu, ambako Timazi alianzia. Aprili 2016 Huruma, Nairobi, jengo la makazi lilianguka kwenye mvua, wakafa zaidi ya watu 50. Jengo lile lilikuwa limeshatiwa alama ya kubomolewa. Taarifa ilikuwepo. Tunapouza programu kwa kusema "itatoa taarifa mapema", tukumbuke hilo. Taarifa bila mtu mwenye wajibu na muda wa kuchukua hatua haimwokoi mtu.

Kwa hiyo kila hitilafu inayoingizwa iwe na jina moja la mwenye kuifunga na saa za mwisho. Kosa lililotajwa na aliyelifanya ndani ya saa 24 lisahihishwe bila faini. Gharama ya kurekebisha inabaki pale mkataba unapoiweka, lakini makato ya adhabu yasiwepo. Lililofichwa likagunduliwa na mshauri, utaratibu wa nidhamu ufuate. Andikeni hivyo kwenye karatasi moja na kuibandika kantini.

Na mwenye mradi ajue mapema: wiki za kwanza idadi ya hitilafu itapanda. Meneja asiyeandaliwa ataona 40 badala ya 5 na kumfokea injinia, na wiki inayofuata zitarudi 5. Msiangalie idadi. Angalieni nani anazitaja na zinafungwa kwa siku ngapi. Kama zote zimetajwa na mshauri na hakuna hata moja kutoka kwa magenge, watu bado wanaogopa.

Kijana_wa_Saiti

Wakubwa, shikamooni. Nina tableti 12 kabatini kama za Timazi. Pesa ya kununua kingine hakuna. Naanza na nini Jumatatu?

NondoY16

Mdogo wangu, chukua 2 tu, nyingine 10 ziache.

Chagua genge moja, na ukurasa mmoja: ombi la ukaguzi kabla ya kumwaga zege. Nalichagua hili kwa sababu linauma kila mtu. Genge likimaliza kusuka saa 3 asubuhi na mshauri akaja saa 10 jioni, limepoteza siku. Tableti moja kwa kiongozi wa genge la nondo, ya pili kwa mwakilishi wa mshauri. Zungumza na mshauri kwanza, ana kwa ana, akubali mambo mawili: atajibu ndani ya saa 2 za kazi, na sahihi yake kwenye tableti itatosha, karatasi itachapwa mara moja kwa wiki na kugongwa muhuri kwa pamoja. Asipokubali, usianze. Utakuwa umeongeza daftari la pili.

Ombi liwe na picha 4: nondo kwa ujumla, kava na biskuti zikiwa na futi pembeni, maungio ya nondo, usafi wa fomu. Kila ombi programu iandike saa lilipotumwa na saa lilipojibiwa.

Fanya wiki 4. Ijumaa ya kila wiki, bandika ubaoni wastani wa saa za kusubiri. Zikishuka, magenge mengine yatakuja kuuliza kwa nini genge lile linamwaga mapema. Mpe tableti ya 3 yule aliyeuliza kwanza, hata kama si yule bosi aliyemtaka.

Kijana_wa_Saiti

Asante sana kaka. Na mshauri akichelewa kujibu, niliandike hilo ubaoni pia?

NondoY16

Liandike, lakini mwoneshe yeye kwanza Alhamisi jioni, mkiwa wawili. Mara nyingi ana saiti 3 na gari moja. Mkipanga maombi yote yafike kabla ya saa 4 asubuhi, anaweza kuyapitia kwa mzunguko mmoja.